Si Kericho Yote ni Chai: Nilichokiona Vichakani Soin

Mwambie mtu wa Mombasa kwamba unakwenda Kericho, kabla hujamaliza sentensi ameshakuagiza majani ya chai. Mimi niliagizwa na mke wangu, nikaagizwa na jirani, hata mzee mmoja wa barazani ambaye daktari alimkataza sukari naye aliagiza. Sisi chai ya Kericho tunaijua kwa magunia yanayoshuka Mombasa kwenda mnadani na melini, basi kichwani mwetu wilaya nzima ni zulia la kijani, mvua na baridi. Chai nimerudi nayo, alhamdulillahi. Lakini wiki mbili sasa barazani sizungumzi chai, nazungumza vichaka, na wenzangu wameanza kunichoka. Ndugu msomaji, zamu yako.

Safari yenyewe ilikuwa ya heri. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ameolewa kwa Wakipsigis, na mwaka huu kajaaliwa mtoto wa kiume. Nikafika Kericho mjini jioni, nimevaa sweta juu ya sweta, na usiku mvua ya mawe ikapiga mabati hadi nikadhani watu wanatupigia kokoto. Asubuhi nikasali, nikapanda matatu ya barabara ya Kisumu. Tukapita Kapsoit, tukaanza kuteremka. Chai ikabaki nyuma, mahindi yakaja, kisha miwa, na kabla saa haijaisha nimevua sweta zote mbili, jasho linanitoka. Udongo ulikuwa mwekundu, sasa ni wa kijivu. Pande zote ni miiba, mawe, mbuzi na vichaka vifupi vilivyokunjamana kama wazee wa kikao. Wallahi nilihisi nimeshushwa nje ya Mariakani.

Hapo ni Soin, na bado ni kaunti ya Kericho. Kutoka mjini ni mwendo wa kilomita thelathini na kitu tu, lakini umeteremka mamia ya mita. Mji wa Kericho uko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa yenye unyevu inayotoka Ziwa Victoria hupanda hadi ikagonga milima ile, ikapoa, ikamwaga maji yake hapo. Ndiyo maana chai inapata mvua karibu kila mwezi wa mwaka. Huku bondeni mvua ni kidogo zaidi, tena huja kwa hasira, saa moja ya dhoruba kisha wiki nzima ya jua. Na jambo ambalo wengi hatulifikirii ni kwamba ukavu hauhesabiwi kwa mvua peke yake. Joto likiwa kali maji hupaa haraka, na udongo ukiwa mgumu kama sufuria iliyopinduliwa, hata mvua nzuri huteleza juu yake ikaenda zake. Mmea haunywi mvua iliyonyesha. Hunywa ile iliyozama.

Mimi si mwanasayansi. Diploma yangu ni ya ualimu, na somo la mimea nililisoma kwa kutahiniwa tu. Lakini bibi mmoja pale, nyanya ya mume wa mpwa wangu, ambaye wote wanamwita Kogo, alinifundisha kwa siku tatu zaidi ya nilivyofundishwa kwa miaka. Kiswahili chake ni cha sokoni na Kikipsigis changu kinaishia "chamgei", kwa hiyo mjukuu wake alikaa katikati akitafsiri, na mara nyingine akichoka akituacha tuelewane kwa vidole.

Tulianza na shubiri, kwa sababu ndiyo niliyoitambua kwa mbali. Majani manene yenye meno pembeni, yamejaa ute. Kogo anaiita tangaratwet. Nikamwambia kwetu mama akitaka kumwachisha mtoto ziwa hupaka shubiri, akacheka sana, kisha akamtazama mpwa wangu kama anayesema, umesikia. Sasa, shubiri ina siri ambayo inafaa Mwislamu aijue. Kila mmea una vijitundu vidogo mno kwenye majani ambavyo hupitishia hewa. Mimea mingi huvifungua mchana, ikavuta hewa na kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, lakini kwa vijitundu hivyohivyo maji hutoka yakapotea. Katika nchi ya jua kali hiyo ni hasara kubwa. Shubiri hufanya kinyume. Mchana hufunga milango yote. Jua likizama, hewa ikipoa, hufungua, ikavuta hewa na kuiweka akiba ndani ya majani kama asidi, hadi kesho mwanga utakapokuja kuitumia milango ikiwa imefungwa. Kwa ufupi, hufunga mchana na hufuturu usiku, mwaka mzima. Haikui haraka, kweli. Lakini haifi.

Mnyaa nao una tabia kama hiyo, ule mti wa vijiti vya kijani visivyo na majani ambao Waluo na majirani zao wamezungushia maboma yao huko chini kote. Utomvu wake mweupe usiuchezee. Ukiingia jichoni unaweza kukupofusha, na watoto wa pale wanafundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kuhesabu.

Vichaka vingine havina akiba ya maji, basi vinaishi kwa ubahili. Majani madogo hupoteza maji kidogo. Mengine yana ngozi ya nta, mengine yana manyoya meupe upande wa chini, kama leleshwa, ule mmea wenye harufu ya kafuri ambao ukisafiri Narok au Naivasha unauona umefunika vilima vizima kwa rangi ya fedha. Mengine huangushwa kabisa kiangazi kikianza. Mtu akipita anasema kichaka kimekufa, kumbe kimelala, na chini ya ardhi mizizi imekwenda mara kadhaa zaidi ya urefu wa kile unachokiona. Kile cha juu ni kilemba tu. Mti wenyewe uko chini.

Na miiba. Hapo Kogo alinionyesha legetetwet, kichaka chenye miiba na matunda meusi matamu ambayo watoto huyala hadi midomo ikawa ya zambarau. Nilikitambua mara moja, kimejaa kwetu nyuma ya Kilifi na hadi Lamu. Jina lake la pwani wazee mnalijua, na mnajua pia kwa nini silitaji hapa. Mjukuu aliniuliza, "Mjomba, kwenu mnaitaje?" Nikamwambia nimesahau.

Karibu nacho kulikuwa na uswet, ndugu wa mdaa wetu, ule ambao mama zetu walikuwa wakichemsha mizizi yake kupata rangi ya kutia ukili wa mikeka. Kule vijiti vyake hutafunwa kama mswaki. Kogo alisema neno ambalo nililipeleka kwa afisa mmoja wa kilimo niliyekutana naye kwenye matatu, naye akalithibitisha. Uswet ni mchungu, mbuzi na ng'ombe hawaupendi. Kwa hiyo ukiona mahali uswet umekuwa mwingi kuliko kila kitu, usifurahi kwamba pamekuwa kijani. Jua kwamba mifugo imeshakula kila kitu kingine. Kichaka ni kama daftari la duka, ukijua kusoma unaona nani amekopa na hajalipa.

Sasa tufike senetwet, maana huo ndio mmea ulionifanya niandike. Ni kichaka kinachoweza kumzidi mtu urefu, maua yake ya njano yamesimama kama mshumaa na vichwani yana machipukizi meusi. Ukisugua majani yanatoa harufu nzito, kama bisi zilizoungua. Wataalamu wanauita Senna didymobotrya. Asili yake ni hukuhuku Afrika ya Mashariki, ingawa Afrika Kusini ulipelekwa kama pambo la bustani na sasa wanaupiga vita kama magugu. Majani na mizizi yake ni dawa kali ya kuendesha tumbo, na ukizidisha kipimo ni sumu, hivyo tafadhali msomaji usijaribu kwa sababu umesoma hapa.

Kazi yake kubwa kwa Wakipsigis ni mursik. Haya ni maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu, yale ambayo wanariadha wetu wakitua uwanja wa ndege na medali hupewa wanywe mbele ya kamera. Kogo alinifanyia mbele yangu. Kibuyu, wao husema sotet, kilioshwa na kusuguliwa kwa sosiot, brashi ya kijiti cha mtende. (Uko mji wa Sosiot pia hapo Kericho.) Kikaanikwa kikakauka. Kisha akachoma kijiti cha senetwet hadi ncha ikawa kaa jekundu, akaitia ndani ya kibuyu, akaisaga ukutani kwa brashi, akazungusha, akarudia, hadi ndani kote kukawa kweusi na kuking'aa, na nyumba nzima ikanukia moshi mtamu. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa yakamiminwa, kifuniko kikafungwa, kikawekwa pembeni siku kadhaa. Yakitoka yana rangi ya kijivu inayokaribia buluu, na yana ladha ambayo siwezi kuilinganisha na maziwa lala ya dukani. Mkaa ule hufunika vitundu vya kibuyu, huzuia kuoza na hutia harufu. Nilikunywa vikombe viwili kwa adabu na cha tatu kwa hiari yangu.

Nisifiche upande wa pili. Sehemu hizo za Kericho na Bomet saratani ya umio imekuwa mzigo mkubwa, na hospitali ya Tenwek huko Bomet imepokea wagonjwa wake kwa miaka mingi. Watafiti wameiangalia mursik pia katika kutafuta sababu, pamoja na pombe, tumbaku na vinywaji vya moto mno. Ubishi haujaisha. Ila kuhusu vinywaji, tangu 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa linasema kinywaji kinachozidi nyuzi 65 huenda kikasababisha saratani hiyo. Kwa hiyo ile chai tuliyoniagiziana, iacheni ipoe kidogo.

Siku ya pili nikaona kwa nini nyumba ile ina mzozo.

Nyuma ya boma kuna kipande cha kichaka, labda ekari mbili. Baada ya kichaka kuna korongo. Si mtaro, ni korongo, la kina cha kumzamisha mtu aliyesimama juu ya mabega ya mwenzake. Kogo anasema alipoolewa hapo, mahali hapo palikuwa njia ya kwenda kuteka maji na mtoto alikuwa akiiruka. Sasa njia imeliwa. Na kila mvua kubwa ukingo unamegeka ukasogea upande wa nyumba.

Mume wa mpwa wangu ni kijana mchapakazi, namheshimu. Yeye anataka kukikata kichaka chote, achome mkaa, apate fedha za mtoto, kisha apande mikaratusi, kwa sababu viwanda vya chai kule juu vinanunua kuni za mikaratusi kukaushia majani. Hesabu yake ina mantiki. Kogo anasema siku kichaka kikiondoka na nyumba itaondoka. Mimi mgeni nikaombwa niseme neno, na nyote mnajua hatari ya mjomba kuombwa neno kwenye nyumba ya watu.

Nikasema hivi. Tone la mvua likianguka kwenye udongo mtupu hupiga kama nyundo ndogo, likavunja chembe za udongo, na chembe hizo huziba vitundu vya ardhi. Maji yaliyobaki juu hayana pa kuingia, basi hukimbia, na yakikimbia hubeba udongo. Kichaka hufanya mambo matatu kwa mara moja. Matawi hulivunja tone nguvu. Majani yaliyooza chini huwa kama godoro. Mizizi hufungua milango ya maji kuzama na hushika udongo usiende. Kichaka cha miiba kilichosinyaa, ambacho hata mbuzi anakidharau, kinafanya kazi ya ukuta wa saruji ambao kijana yule hawezi kuujenga hata akichoma mkaa miaka kumi.

Na si maneno yangu. Bonde lote la mto Nyando, ambalo Soin ni sehemu yake, linajulikana na watafiti kwa makorongo. Lile la Katuk Odeyo, upande wa Nyakach, ni maarufu. Udongo unaotoka huko huishia Ghuba ya Winam, na mvuvi wa Kisumu anayelalamika ziwa limekuwa tope analalamikia vichaka vilivyokatwa huku juu pasipo yeye kujua.

Kudharau nyanda kavu ni ugonjwa wa zamani. Serikali ya kikoloni iliyaona maana maeneo ya juu, yaliyofaa chai, ikawanyang'anya wenyewe. Nyanda za joto na miiba ilizitumia kama jaa la kutupia watu. Mwaka 1934 ilitunga sheria ya kuuhamisha ukoo wa Talai, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ikawapeleka mamia yao Gwassi, pwani ya ziwa, mahali pa vichaka, mbung'o na malaria. Mpaka leo wazao wao wanadai haki. Mtu akifikiri vichaka ni mahali pa adhabu, hawezi kuvitunza.

Mkaratusi je? Una faida zake, sikatai. Lakini unakunywa maji sana, na waziri marehemu John Michuki mwaka 2009 aliamuru ing'olewe kandokando ya mito kwa sababu hiyo. Chini yake hakuoti kitu cha kushika udongo. Kuupanda ukingoni mwa korongo ni kuajiri mlinzi anayeiba.

Majirani zetu wa Tanzania wametangulia katika jambo hili. Shinyanga ilikuwa imekatwa hadi ikaitwa jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na badala ya kulazimisha miche ya kigeni ukarudi kwenye desturi ya Wasukuma iitwayo ngitili, ya kufunga kipande cha malisho ili kipumzike. Wakati ule ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Mradi ulipokaribia mwisho wake, mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Miti ilitoka wapi? Ilikuwa humohumo ardhini, visiki na mizizi vinasubiri watu na mbuzi wawape nafasi. Dodoma siku hizi njia hiyo wanaiita kisiki hai: unachagua machipukizi machache yenye nguvu kwenye kisiki, unapogoa mengine, unayalinda. Hakuna kitalu, hakuna maji ya kumwagilia, hakuna waziri wa kupiga picha na mche. Labda ndiyo sababu haipendwi sana.

Na ukikifukuza kichaka cha wenyeji, usidhani mahali patabaki patupu. Sisi wa pwani tunahusika hapo kidogo. Mathenge, ule mti wa miiba kutoka Amerika, uliletwa mwaka 1973 kwetu Bamburi kufunika machimbo ya mawe. Miaka ya 1980 ukapandwa Baringo na Tana River kwa nia njema ya kuzuia jangwa. Kilichofuata Baringo mnakijua. Ulimeza malisho, na maganda yake yenye sukari yakaharibu meno ya mbuzi hadi yakang'oka. Mwaka 2006 watu wa jamii ya Ilchamus waliipeleka serikali Mahakama Kuu, na mbuzi kibogoyo akafikishwa Nairobi kuwa ushahidi. Soin sikuuona mathenge. Niliona lantana, mgeni mwingine, inajipenyeza kila palipokatwa.

Nyumbani tuna Kinango yetu, tuna Ganze, tuna Magarini, na magunia ya mkaa yanaingia Mombasa usiku kama tulivyozoea. Tunaviita vichaka vile nyika tupu. Lakini mswaki tunaonunua mlangoni mwa msikiti Ramadhani unatoka kichakani. Majani ya mkunazi tunayooshea maiti yetu yanatoka kichakani. Ukwaju wa futari ni mti wa nchi kavu. Siku moja tutatuma mtu akatafute mkunazi wa kumwosha mzee wetu, arudi mikono mitupu.

Kijana alinisikiliza kwa heshima, kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake zuri: "Na fedha ya mtoto, mjomba?" Nikamwambia akate matawi na si mashina, upande wa nyumba tu, na mita za karibu na korongo asiguse, na asali nayo iko, kwani nyuki wanapenda maua hayo ya miiba na Kogo mwenyewe alikuwa na mizinga zamani. Nikatoa nilichokuwa nacho mfukoni nikampa mpwa wangu, maana nasaha bila kitu mkononi ni kelele.

Jumamosi kanipigia simu. Ameweka boma la matawi ya miiba ukingoni mwa korongo, hatua kama sitini. Mbuzi wameshalitoboa mara mbili, na amelishona upya. Mkaa amechoma magunia manne, ya upande wa nyumba. Kogo hasemi naye bado, lakini ameagiza mzinga mmoja utundikwe. Kibuyu alichonipa kiko jikoni kwangu kimetundikwa msumarini, na mke wangu anataka kujua harufu ile ya moshi itaisha lini.